Mapinduzi Kwenye Mfereji wa Tryphena

Jumatatu, 7 Oktoba 1996

Nambari arobaini na moja! Mimi, mtu pekee kutoka hapa mlimani Sagalla hadi Voi mjini anayefundisha sosholojia bila kulipwa, mtungi wangu ni wa arobaini na moja kwenye laini ya maji. Mbele yangu fundi cherehani. Mbele ya fundi, mbuzi wa mtu. Amelala, lakini yuko mbele.

Siku hizi mfereji hufunguliwa Ijumaa tu. Laini huanza Jumatatu, na hakuna anayesimama juani: kila nyumba huweka chombo chake kibovu kishike nafasi, kisha zamu ikifika mtu huja na kizuri akabadilisha. Mimi nimeweka ule mtungi wenye ufa chini. Ufunguo anao Tryphena. Nani alimpa? Historia iko kimya.

Wakio, mke wangu, amesema mama yake anakuja Jumapili kutoka Wundanyi. Akikuta nyumba haina maji, watarudi Wundanyi wakiwa wawili. Alisema hayo akichambua maharagwe, bila kuinua macho. Akiwa hivyo ndipo namwogopa zaidi.

Jioni darasani, ukumbi wa kanisa, wanafunzi sita. Swali la kwanza: ni nani aliyeamua kwamba wa mbele awe mbele? Katuku, yule fundi cherehani, akajibu ni aliyewahi kuamka. Nikamwambia hilo ndilo jibu la mtu aliyedanganywa akafurahi.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimewasha moto! Nilipanda juu ya jiwe la mfereji nikafichua dhuluma: shemeji yake Tryphena huweka kopo kwenye laini, kisha Ijumaa anakuja na pipa. Kopo linageuka pipa! Nikasema ukosefu wa usawa duniani kote ulianza na kopo. Nikapendekeza sheria: kilichosimama kwenye laini ndicho kitakachojazwa, hakuna kubadilisha. Makofi! Hata Tryphena aliinua mkono.

Wakio aliniambia kitu kuhusu mtungi wetu. Sikushika vizuri. Nilikuwa naandika maazimio.

Jumatano, 9 Oktoba

Usawa umepatikana na bado mimi ni wa arobaini na moja. Lazima twende mbali zaidi.

Asubuhi niliuhamisha mtungi wangu hadi mwisho kabisa, wa sitini. Kisha nikahutubu. Mabadiliko ya kijamii maana yake ni walio chini kupanda juu. Ijumaa maji yaanzie mwisho wa laini! Mulei, mwenye punda, akauliza kama nimepimwa malaria hivi karibuni. Lakini walio nyuma walipiga kelele kuliko walio mbele. Ikapita.

Jioni mada ilikuwa matabaka. Hakuja mtu hata mmoja. Nilijifundisha mwenyewe saa nzima. Nikajiuliza maswali magumu, nikayajibu vizuri.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wasaliti! Jana nikijifundisha, kijiji kizima, wakiwemo wanafunzi wangu sita, kilibeba mitungi na kuipanga nyuma ya wangu. Watu wazima wanagombania kuwa wa mwisho! Bi Gertrude, aliyestaafu posta kwa heshima zote, alisukumana na Mulei mpaka kofia ikaanguka. Sasa mtungi wangu ndio wa kwanza, yaani wa mwisho.

Nilikimbia kwa Tryphena. Nikamweleza kwamba jamii isiyoheshimu desturi huporomoka, kwa hiyo maji yaanzie mbele kama zamani. Akanitazama. Akasema laini si chapati, Mwalimu, ya kugeuzwageuzwa. Nikamwambia jana nilikuwa nawapima akili tu. Akacheka mpaka akashika mlango. Mwishowe akakubali, ila ni mara ya mwisho, na nisikanyage tena jiwe lake. Wa nyuma wakalalamika. Akawaonyesha ufunguo, wakanyamaza. Kumbe mamlaka ni kitu kizuri.

Wa kwanza! Mimi!

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilivaa koti la harusi. Tryphena akafungua. Maji yakaingia juu, yakatoka chini.

Ufa! Nilikuwa nimeusahau. Nikaomba nikimbie nyumbani kuleta mtungi mzuri. Laini nzima, kwa sauti moja, ikanisomea sheria yangu ya Jumanne. Neno kwa neno! Darasani watu hao hao hawakumbuki hata jina la mada. Nikageuka nikatazama mitungi yao. Yote mizima. Walikwisha kuibadilisha Jumanne ile ile. Ndicho Wakio alichokuwa akiniambia.

Nikaziba ufa kwa kidole gumba, nikasimama hivyo kwa heshima. Bwanaheri mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka Mombasa na hata akikutukana hukutukana kwa upole, akaniinamia: "Mwalimu, ndugu yangu, wewe wataka usawa ama wataka maji?" Swali halikuwa la kisayansi.

Nimefika nyumbani na maji ya kikombe kimoja na viatu vilivyolowa. Wakio ametoa sanduku chini ya kitanda.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama mkwe ameoga, amekunywa chai, ameoga tena.

Jana mitungi ilianza kuingia mlangoni, mmoja mmoja. Wa Katuku. Wa Bwanaheri. Wa Bi Gertrude. Mulei alileta miwili kwa punda na kuniuliza tena habari ya malaria. Hata lile kopo la shemeji lilikuja, limejaa pomoni. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Tryphena. Sikuomba mtu. Wakio alilia na kucheka kwa pamoja, sanduku likarudi chini ya kitanda. Mama mkwe akasema kama jamii ndiyo hii, basi ameielewa bila kukaa darasani. Maskini, hana nadharia.

Mimi sidanganyiki. Hii ni njama ya kuninyamazisha. Kesho nahutubu: ni nani aliyewapa hawa haki ya kuwa na huruma kuliko wenzao? Jiwe nimekatazwa. Nitapanda juu ya pipa.

Laini mpya inaanza kesho. Safari hii nimewawahi wote, nimeshaupeleka mtungi wangu tangu jioni hii. Wa kwanza kabisa! Nimeweka ule wenye ufa. Mzuri ungepauka bure juani.