Jino la Mtakatifu Apolonia

Nicasio Barreda alikuwa amekaa kwenye benchi la jiwe mbele ya kanisa la Villarmida, amevua kiatu kimoja na kujifanya ana lengelenge, pale walipofika mahujaji kumi na mmoja kwa mpigo. Waliusukuma mlango wa kanisa, wakaukuta umefungwa, wakachungulia tundu la kufuli kwa zamu, kisha wakaondoka wakinung'unika. Kila mmoja alikuwa na fimbo, kombe la chaza likining'inia mgongoni, na mkononi kile kijitabu wanachogongewa mihuri njia nzima mpaka Santiago, kwenye kaburi la mtume Yakobo. Watu wana kiu ya kuona kitu, na kitu kiko nyuma ya mlango. Nicasio alivaa kiatu chake. Lengelenge lilipona saa hiyohiyo.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mzaliwa wa Valladolid, mwenye sauti laini kama mafuta ya zeituni, na hakuwahi kufanya kazi ya jasho tangu atoke jeshini. Kwao aliwahi kuuza shamba la mizabibu lisilo lake kwa watu wawili siku moja, na wote wawili walimshukuru kwa kumkumbatia. Walipoacha kumshukuru ndipo alipoona ni vyema ashike njia ya hija. Hujaji, alipenda kusema, ni mtu mwema aliyechoka, na mtu mwema aliyechoka hahesabu chenji.

Baani aliambiwa kuwa ufunguo wa kanisa anao Mama Obdulia, mjane wa nyumba iliyo mkabala, na kwamba kesho yake mama huyo anakwenda Burgos kufanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa hiyo kanisa litabaki limefungwa wiki mbili nzima. Nicasio hakumaliza hata mvinyo wake. Alimkuta mama akikoroga supu ya vitunguu saumu, akamweleza kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mtunza kanisa, mwana wa mtunza kanisa, mjukuu wa mtunza kanisa wa kule Palencia. Kwamba mguu umemwangusha njiani. Na kwamba lingekuwa jambo la kusikitisha mbele za Mungu mahujaji wapite bila kusali. Mama Obdulia alimtazama kwa muda mrefu kuliko Nicasio alivyopenda kutazamwa. Akamuuliza kama anajua kupiga kengele. Nicasio akasema alizaliwa chini ya kengele. Basi akapewa ufunguo wa chuma, mzito kama nyundo, pamoja na amri ya kumwagilia maua ya dirishani na kutomzoesha paka kula nyama.

Kanisa lile ni la Mtakatifu Apolonia, ambaye wauaji walimvunja meno kwa ajili ya imani yake, na ndiyo maana kila mwenye jino linalomuuma humkimbilia yeye. Sanamu yake pale altareni imeshika koleo. Nicasio, akipekua droo za sakristia, chumba cha mavazi ya padri, kutafuta muhuri, aliukuta. Akakuta na kitu kingine: kikopo cha peremende, ndani yake pamba, ndani ya pamba gego moja la manjano lenye mizizi mirefu. Alikaa chini. Siku hiyo alikaribia sana kumwamini Mungu.

Kesho yake mlango ulikuwa wazi, na jino liko juu ya kitambaa chekundu, limefunikwa na glasi ya mvinyo iliyogeuzwa. Nicasio aliwatembeza wageni kwa hatua za mtu anayeelekea mazishini. Vile vichwa vya mawe vilivyochongwa juu ya nguzo hakuvijua hata kimoja, kwa hiyo alivipa wasifu. Tumbili wa jiwe alikuwa mla riba aliyegeuzwa kwa laana; mtu mwenye masikio makubwa alikuwa askofu aliyependa umbeya. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, walifikishwa kwenye jino. Kulitazama ni euro mbili. Kupakwa shavuni pamba iliyoligusa jino ni tano. Mama mmoja wa Kijerumani, aliyekuwa na uvimbe shavuni tangu milima ya mpakani, alipakwa pamba, akapona njiani, au akasema amepona, na akawarudisha wenzake wanne kilomita sita nzima. Kufika siku ya tisa, kopo la biskuti alilokuwa akitunzia sadaka lilikuwa halifungi tena kifuniko.

Siku hiyo ndipo alipokuja Evaristo Landa wa Pamplona. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, akifuatana na mkewe, Bi Hortensia, ambaye alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona na kuvua viatu. Landa alisikiliza wasifu wote, wa tumbili na wa askofu, bila kukatiza. Alipofika kwenye jino akaomba ruhusa ya kulitazama kwa karibu, kwa sababu, alisema, amekuwa daktari wa meno kwa miaka arobaini na mmoja.

Nicasio akarudi hatua moja nyuma. Akatazama mlango, akapima umbali.

Mzee alitoa kioo cha kukuzia vitu vidogo, akaligeuza jino upande huu na upande ule. Kisha akapiga magoti. Alipoinuka macho yake yalikuwa na machozi.

"Unajua ulichonacho hapa, bwana?" akauliza.

"Najua," akasema Nicasio, ambaye hakujua.

"Hili ni jino la mwanamke aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tazama lilivyopasuka. Hili halikung'olewa, lilipigwa."

Nicasio alitoa wazo la kishujaa: kwa kuwa mzee ni mtaalamu na mwenye imani, pengine kanisa lingeweza kumwachia jino hilo kwa euro elfu moja. Landa alirudi nyuma kana kwamba ametukanwa. Alisema halinunuliki, kwamba yako makumbusho ambayo yangelipa mara hamsini ya hizo bila kupumua, kwamba yeye si mtu wa kumwibia mtunza kanisa maskini. Hapo ndipo Nicasio alipoanza kuamini. Tapeli humwogopa anayempa pesa, lakini anayekataa dili humwamini kama mama yake mzazi.

Bi Hortensia akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwonyeshe na lile lako, Evaristo. Umelibeba njia nzima."

Mzee alikataa. Mkewe akasisitiza. Hatimaye akatoa kifuko cha ngozi shingoni, na ndani yake kulikuwa na gego lingine, la manjano vilevile, lenye ufa vilevile. Alieleza kwa aibu kwamba alirithishwa na mtawa mmoja mzee aliyemtibu bure, aliyeapa kwamba ni la Apolonia. Kwamba yeye hakuwahi kusadiki mpaka saa hii, alipoona la pili. Na kwamba ameweka nadhiri ya kuliacha Santiago, miguuni pa mtume.

Nicasio alipiga hesabu haraka kuliko alivyowahi kupiga maishani. Jino moja, mara hamsini. Mawili ya taya moja, nani ajuaye? Akaanza kuhubiri. Alisema hajawahi kusikia kuwa mtume Yakobo aliumwa meno. Alisema dada wawili wametenganishwa karne nyingi, na leo wamekutana, na ni mkono gani wa Mkristo utakaothubutu kuwatenganisha tena? Alihubiri hadi yeye mwenyewe akatafuta leso. Landa alilia. Lakini nadhiri ni nadhiri, alisema. Padri wake alimwambia haibadilishwi ila kwa kutoa sadaka kubwa kwa maskini huko Santiago, na wao wamestaafu, hawana kitu.

Nicasio akaenda sakristia, akarudi na kopo la biskuti, akampa lote. Aliwasindikiza mpaka kona ya kijiji, akimhurumia mzee wa watu kwa jinsi alivyoingizwa mjini.

Mama Obdulia alirudi kwa teksi siku tatu baadaye, kabla ya wakati, akitembea kwa magongo mawili. Nicasio alikuwa bado anasubiri makumbusho fulani yamjibu simu. Mama aliingia kanisani, akatazama glasi, akatazama kitambaa chekundu, akauliza ni nani aliyemweka marehemu mume wake altareni.

"Mume wako?"

"La kushoto ni la Saturnino. Alilivunja kwa kokwa ya zeituni siku ya sikukuu, miaka kumi na tisa sasa. Ndiyo sehemu yake pekee niliyobaki nayo." Aliinama kidogo. "La kulia silijui. Huyo si wa kwetu."

Nicasio alimweleza habari za daktari, za miaka elfu, za machozi. Mama Obdulia alicheka mpaka akashika mshono wa nyonga. Kisha akanyoosha mkono kudai ufunguo.

Nicasio aliwafikia Landa na mkewe Sahagún, mji wa mbele kwenye njia ya hija, kwa basi, saa nane mchana. Walikuwa kwenye meza ya nje ya mkahawa, mbele yao bakuli la udongo lenye nusu ya mwanakondoo wa kuchoma.

"Umeniibia," Nicasio akasema.

"Kaa kwanza," akasema Landa. "Kituo cha polisi kiko nyuma ya kanisa lile. Waambie nilikuuzia jino la uongo wakati wewe unauza la kwako."

Nicasio akakaa. Akauliza, kama mtu wa kazi anavyomuuliza mwenzake, jino lile alilipata wapi.

"Miaka arobaini na mmoja, ndugu yangu. Watu wanang'olewa, wanaacha. Ninayo debe zima nyumbani."

"Madebe mawili," akasema Bi Hortensia. "Na kila kiangazi tunatembea."

Nicasio alifungua mdomo kusema neno zito, lakini mzee akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye jua, akatazama ndani kwa makini.

"Gego la juu, la mwisho," akasema. "Limeoza. Halitafika Krismasi. Pita Pamplona, nitakung'olea bure."

"Bure?"

"Bure kabisa," akasema Bi Hortensia, akimsogezea mkate. "Ila jino unaliacha."