Mkono wa Villalba

Lonnie Prusak aliingia baa ya Gorski saa tano asubuhi akitafuta samaki wa Ijumaa tu, akakuta riziki imekaa inamsubiri. Watu kumi na wawili walikuwa wameinamia simu, wanapanga vikosi vya siku hiyo. Kila mmoja alipewa dola elfu hamsini za kufikirika anunue wachezaji kumi wa besiboli, kila mchezaji na bei yake, zikiisha, zimeisha. Wachezaji hao waking'ara uwanjani, pointi ni zako. Cha kweli kilikuwa kiingilio: dola hamsini, na mshindi anabeba zote.

Lonnie akatoa hamsini yake, akavuta kiti.

"Mmemnunua Villalba?" akauliza kwa sauti ya msibani.

Nani angemwacha? Alikuwa mpigaji bora wa Milwaukee, timu ya nyumbani, bei yake elfu sita.

"Nina jamaa anawachua misuli wachezaji. Mkono umevimba, wanaficha tu. Hamkusikia kwangu."

Walisikia kwake, meza nzima. Stan Dudek, fundi bomba, akawa wa kwanza kumfuta Villalba. "Ubarikiwe, kaka. Elfu sita hizi naongezea kwa mrushaji wa maana."

Wengine wakafuata. Lonnie, kwa unyenyekevu wa mtenda wema, akageuza simu pembeni na kumnunua Villalba.

Mechi ilikuwa saa saba. Ilipobaki robo saa, Bernadine Kuczek, bibi mmoja wa meza ile aliyekuwa ametoka kupeleka soseji uwanjani, akarudi na kumvuta Lonnie kando.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikudhania tapeli."

"Mimi, mama?"

"Nimemwona Villalba kwa macho yangu. Bendeji mpaka kwenye kiwiko. Kumbe ulisema kweli."

Lonnie alikuwa amedanganya watu miaka ishirini, na hakuwahi kupatwa na jambo kama hili: uongo wake umetimia bila kumwomba ruhusa.

"Lakini jina lake bado limo kwenye orodha ya wanaocheza leo."

"Si ulisema wanaficha?"

Alisema. Akamfuta Villalba haraka, akanunua mpigaji wa Cincinnati, kisha kwa shukrani akamwagizia bibi sahani ya samaki.

Villalba aliingia na mikono miwili mizima. Awamu ya tatu akaupiga mpira nje ya uwanja, pigo lenye pointi nyingi kuliko yote. Awamu ya saba akaupiga tena. Mpigaji wa Cincinnati hakugusa kitu. Aliyebaki na Villalba alikuwa mmoja tu, na jioni Bernadine akazikunja dola mia sita na hamsini kwenye pochi.

"Mama," Lonnie akamnong'oneza, "ulisema umeona bendeji."

"Nilisema. Na wewe ulisema una jamaa anachua misuli." Akajifuta mdomo. "Samaki alikuwa mtamu, mwanangu. Asante."

Stan akaja, akamwekea Lonnie mkono begani. Hakuwa na kinyongo hata chembe.

"Fikiria, kaka. Mkono umevimba vile, na bado kaupiga nje mara mbili. Yule ndiye mwanaume."



"Jamaa yangu alishaniambia," Lonnie akasema. "Ana moyo sana."

Stan akamnunulia bia.