Bakuli la Mama Mdogo Josephina

Ijumaa, 4 Oktoba 2013

Habari mbaya. Sylvesta kapiga simu kutoka Kahama. Jumapili ya wiki ijayo anakuja kumchukua mama yake akaishi naye mjini, moja kwa moja. Mama yake ni mama mdogo wangu, Josephina wa Munanila, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Sylvesta kazaliwa pale, mimi nililelewa. Hajaacha kunikumbusha tofauti hiyo tangu tukilala mkeka mmoja. Leo kasema anamletea hotpoti, seti ya vyombo vitatu, zenye maua. Akauliza mimi karani wa masjala nitatoa nini cha kumuaga.

Nikajibu: bakuli la mbao lenye mfuniko, nililolikereza kwa mikono yangu.

Sijawahi kukereza hata mwiko!

Lakini najua mdomo ulikopata maneno hayo. Mama mdogo alikuwa na bakuli kama hilo. Marehemu baba mdogo Pasikali, mumewe, alimchongea kabla hajaenda kukata mkonge Tanga. Ndani mlikuwa na karanga, na halikufunguliwa hata siku moja. Kila jioni alilishusha, akalitikisa sikioni, cha-cha-cha, akalirudisha juu. Nilidhani ni uchoyo. Mwaka 1974, nikiwa na miaka minane, nikalipasua kwa mchi. Karanga chungu, nikatema zote. Nikasema ni mbuzi. Mbuzi maskini akafungwa kamba wiki nzima.

Miaka thelathini na tisa sijasema kweli. Hawezi kwenda Kahama kabla sijalirudisha bakuli lake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kwa Venanti, fundi anayekereza miguu ya vitanda hapa Kasulu. Kasema mashine ninaweza kuitumia, ila mbao kavu hana. Nilete yangu, iwe imekauka miezi sita. Nikamwambia nina siku nane. Akacheka mpaka akakaa chini. Mbao mbichi ikikauka hujipinda, kasema, na mfuniko hukwama au bakuli hupasuka.

Mafundi hupenda kutisha watu.

Mpango: jirani yangu Mwalimu Elisante, mtu wa Singida, ana mparachichi mnene. Jioni nikamdokezea kwamba miti ile kwetu Buha huvuta nyoka. Lengo langu lilikuwa tawi moja tu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mwalimu kaukata mti wote! Mpaka shina. Winifrida, mke wangu, alisimama uani akiangalia mahali ulipokuwa. Matawi yaliyoinamia kwetu ndiyo yaliyotulisha parachichi miaka kumi na moja. Kauliza ni nani aliyemtia Mwalimu wazimu wa nyoka. Nikasema watu wana maneno mengi.

Gogo ninalo. Limelowa, ukiligusa unapata maji ya kunawa.

Jumatano, 9 Oktoba

Bakuli la kwanza limeruka kutoka kwenye mashine, likapita sikio la Venanti na kuvunja chupa yake ya chai. Kanitaka niondoke. Nikamwambia habari za mama mdogo, na baba mdogo, na mkonge. Kumbe naye baba yake alikwenda huko huko, hakurudi. Akaniwekea kipande kingine na kunishika mkono juu ya patasi kama mtoto anayefundishwa kuandika. Maranda yakaanguka miguuni, harufu ya parachichi tupu. Nikamwona baba mdogo amekaa kizingitini, kisu mkononi, akiimba kwa pua. Macho yakanijaa machozi. Nikamwambia Venanti ni vumbi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Limekamilika! Mviringo safi. Mfuniko unaingia kwa sauti, puu, na kutoka kwa sauti. Venanti kasisitiza: usilifunike mpaka likauke, miezi mitatu kwa uchache. Ndiyo, ndiyo.

Kwetu hakuna anayemkabidhi mtu chombo kitupu, utadhani unamtakia njaa. Nikakaanga karanga, nikajaza, nikafunika. Kisha nikalining'iniza juu ya moto wa jikoni likauke upesi. Winifrida kauliza kama Venanti anajua. Nikasema ndiye aliyenishauri.

Jumapili, 13 Oktoba

Munanila. Ndugu wote, majirani wote, mizigo mlangoni. Sylvesta akatoa hotpoti zake. Watu wakapiga vigelegele. Zinafunguka vizuri mno, shetani zile.

Nikatoa langu. Nikavuta mfuniko. Haukusogea. Nikavuta tena, nikalibana kwa magoti. Majaliwa wa jirani, mbeba magunia, akajaribu mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Bakuli lilikuwa limejipinda kama yai. Sylvesta akaomba aletewe nyundo, anacheka.

Mama mdogo akalinyakua. Akalitikisa sikioni. Cha-cha-cha. Halafu akaketi juu ya mizigo yake na kulia. Nilitaka ardhi inimeze.

Kumbe hakuwa amechukizwa na zawadi. Akasema Pasikali naye alikuwa na haraka, gari la kuwapeleka Tanga lilikuwa linangoja. Alichonga mti mbichi, akajaza karanga, akafunika. Mfuniko ukakwama. Miaka minne aliyokaa kwenye mkonge, hiyo sauti ndiyo aliyokuwa nayo mama mdogo. Aliporudi alitaka kulivunja, mama mdogo akamkataza.

Mimi ndiye niliyelivunja! Nikamwambia pale pale, mbele ya watu, kwamba hakuwa mbuzi. Akaniita mwanawe, kwa Kiha chake.

“Yoo, mwana wanje. Mbuzi gani anashika mchi?”

Alijua siku ile ile. Alisubiri niseme, kisha akasahau kusubiri. Akasema kuna jambo moja tu alitaka kuniuliza miaka yote, maana yeye hakuwahi kuzionja. Zile karanga za Pasikali zilikuwaje?

Nikasema zilikuwa tamu. Tamu sana, mama mdogo. Nilizimaliza zote.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hotpoti zikawekwa nyuma ya gari pamoja na magodoro. Bakuli akalipakata mwenyewe. Gari likaondoka, nami nikabaki barabarani nimeinua mkono hata baada ya vumbi kutulia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, ofisi imefungwa. Nimemweleza Winifrida kwamba mfuniko ule niliukwamisha kwa makusudi, ni ufundi wa ukoo. Kisha kasema polepole kwamba tangu tuoane hakuna aliyewahi kumtengenezea kitu kwa mikono. Angependa lake. Ila linalofunguka.

Nimeapa. Mbao kavu, miezi sita, kila neno la Venanti.

Lakini siku yake ya kuzaliwa ni Jumamosi hii! Na mparachichi uliobaki Mwalimu alishauchoma mkaa. Jioni nimepita kwa mama Asmahani, mwenye duka kule chini. Ana mfenesi mzuri sana, mnene, unaelemea ua.

Nimemuuliza kama hajawahi kuona nyoka.