Ng'ombe wa Udongo wa Mkonze

Jumatatu, 3 Juni 1912

Habari kubwa! Bwana Mkaguzi wa shule, Mdachi mwenyewe, anakuja Jumatatu ijayo pamoja na akida Bashiri. Shule mpya inafunguliwa Dodoma karibu na stesheni. Mwalimu atakayempendeza ndiye atakayeipata. Shule ya bati! Mimi hapa Mkonze nafundishia ndani ya tembe, na kila upepo ukivuma paa linanimwagia udongo kichwani. Mpinzani ni mmoja tu, Bartolomayo, mwalimu wa misheni ng'ambo ya korongo. Wanafunzi wake wanaimba. Kuimba! Hata ndege wanaimba. Wangu watafanya mambo kwa mikono yao. Nisipoipata shule ile, mimi si Yahaya wa Kondoa.

Jumanne, 4 Juni

Jiografia. Watoto wamechora nchi uwanjani, toka pwani hadi Tabora. Reli wameipanga kwa punje za uwele, stesheni kwa karanga. Safi kabisa! Mtoto mmoja akauliza kuku watafungiwa wapi. Nikamwambia asikatize somo.

Adhuhuri kuku wa jirani yangu, Mzee Yoramu, wameila reli. Walianzia Dar es Salaam. Nilipopata fimbo, jogoo keshapita Gulwe anaingia Dodoma. Bartolomayo alikuwa anapita njiani, akaniuliza kwa upole kama treni imechelewa. Upole wake unaniudhi kuliko kicheko.

Alhamisi, 6 Juni

Hesabu! Hapa ndipo akili yangu ilipo. Watoto wa Kigogo wanafinyanga ng'ombe tangu wangali wanatambaa. Basi kila mtoto afinyange ng'ombe wote wa baba yake, kwa rangi zao na pembe zao, halafu tutawajumlisha na kuwatoa mbele ya Mkaguzi. Jivu kwa weupe, masizi kwa weusi. Hawajawahi kunitii hivi. Hata Yotham, mtoto wa Mzee Matonya, ambaye husinzia tangu salamu, amefinyanga mpaka jioni. Kundi lake ni kubwa kuliko yote. Nimemsifu mbele ya wenzake.

Ijumaa, 7 Juni

Mzee Yoramu amekuja. Nikampa shikamoo, nikidhani amekuja kuomba radhi kwa ile reli. Hakuomba. Aliinama mbele ya kundi la Yotham, akauliza yule mweusi wa pembe iliyovunjika ni wa nani. Yotham akasema kwa fahari ni wa baba, anakaa kwa mjomba Gulwe. Na wale wekundu? Wa baba pia, wako kwa rafiki yake.

Kumbe huku hakuna anayeweka ng'ombe wake wote zizini kwake! Huwatawanya kwa ndugu na marafiki, ugonjwa usiwamalize kwa pamoja, na jirani asijue. Watoto wanajua, maana ndio wachungaji. Mzee Yoramu akasema kwamba mwaka jana Matonya alimlilia kuwa ugonjwa wa sotoka umemfagilia zizi lote, naye akampa mtamba wake mzuri kumliwaza. Nikamweleza kuwa huo ni mfano bora wa hesabu ya kutoa. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Juni

Kijiji hakikaliki. Wazee wanakuja shuleni mmoja mmoja, na kila mmoja ana ng'ombe anaotaka wafe. Mzee Matonya alikuja na jogoo kwapani. Akanisihi, mwalimu, niulie wale wa Gulwe tu. Akasema akida akiwaona wote, serikali itakuja kuwachukua kwa kodi. Nikamjibu kwamba Mkaguzi anakuja kutazama elimu, si mifugo, na hesabu haipunguzwi kwa kumwonea mtu haya. Nilisema vizuri sana. Jogoo nilimpokea, kwa adabu. Lakini sirudi nyuma! Mtu mwenye msimamo ndiye anayepewa shule ya bati.

Jumatatu, 10 Juni

Siku yenyewe. Kuku wote wamefungwa (mimi hujifunza!). Ng'ombe wamepangwa uwanjani, zizi kwa zizi, wanapendeza mno. Mkaguzi na akida wakaonekana njiani. Hapo nikasikia kengele.

Mzee Matonya na Mzee Yoramu, ambao tangu Ijumaa hawasalimiani, wanakuja bega kwa bega wakiswaga ng'ombe wa kweli, wale wachache ambao kila mtu anakubali kuwa nao. Nyuma yao wazee wengine wote, na wachache wao. Wakapita katikati ya uwanja, polepole. Wakageuka wakapita tena, kama waliosahau kitu. Mkaguzi alipofika akakuta vumbi na samadi. Akauliza somo liko wapi. Nikaonyesha chini. Ilikuwa imebaki pembe moja. Mzee Matonya akamweleza akida kwa heshima kwamba wanakwenda kunywesha.

Yotham alikaa chini akalia. Nami nikafuta macho, nikasema ni vumbi. Ng'ambo ya korongo watoto wa Bartolomayo walikuwa wanaimba, na Mkaguzi akageuza farasi wake kuelekea huko.

Alhamisi, 20 Juni, Gulwe

Bartolomayo amepata shule ya bati. Mimi nimehamishiwa huku. Aliponiaga alinishauri nizungumze na wazazi kwanza kabla ya somo lolote. Ushauri mzuri, kwa mtu asiye na ubunifu.

Gulwe si pabaya. Ipo treni ya kweli, kuku hawawezi kuila. Mjomba wa Yotham ndiye aliyenikaribisha, kwa maziwa ya ng'ombe mweusi wa pembe iliyovunjika. Akaniuliza, kwa wasiwasi kidogo, nitafundisha nini. Nikamwambia atafurahi.

Maana nimeshapata wazo! Mavuno yamekwisha. Kila mtoto atafinyanga maghala ya nafaka ya nyumbani kwao, yale yanayoonekana na yale yaliyofichwa, na kuyajaza punje kwa kipimo chake sawasawa. Akida atapita mwezi ujao, nitamwalika aone.

Kuku nitawafunga.