Begi Laini Halina Mlio

Otjiwarongo,
Jumatatu, 18 Agosti

Kwa Mhariri,
Jarida la "Kokoto",
Chama cha Pikipiki za Safari Ndefu

Ndugu Mhariri,

YAH: MABEGI LAINI NA KURA ZILIZOMEZWA

Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kambini kwetu nje kidogo ya Sesfontein, nilipoteza uongozi wa msafara nilioushika kwa miaka tisa. Niliupoteza kwa kura sita kwa sifuri, katikati ya watu ambao kumi na mmoja kati yao walikuwa wameniahidi kura kwa midomo yao wenyewe, nawe ukiwa mmoja wao. Silaumu wapiga kura. Aliyeniangusha ni begi, na begi hilo nililinunua kwa ushauri wako, toleo la Machi, ukurasa wa nne.

Naomba nieleze kwa utaratibu, maana sina tabia ya kulalamika ovyo. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilianza kwa kuzunguka mashambani na baiskeli nikitengeneza pampu za maji, spana tatu mfukoni, na sijawahi kukata bati kabla ya kulipima mara mbili. Makala yako niliisoma mara tatu.

Ulisema masanduku mawili ya alumini ya ubavuni mwa pikipiki, matupu, yana kilo kumi na moja na nusu. Nikayapima ya kwangu: kumi na moja na gramu mia sita. Ulisema mabegi laini mawili hayafiki kilo nne na nusu. Kweli. Ulisema mtu akianguka mchangani sanduku linaweza kumbana mguu na kuuvunja, lakini begi linajikunja. Kweli. Ulisema tuchague yanayofungwa kwa kukunja mdomo mara tatu ili maji yasiingie, yenye mikanda inayoshika fremu na si plastiki, na yasikae karibu na bomba la moshi. Kweli, kweli, kweli. Kila neno lilikuwa kweli, Ndugu Mhariri, na hapo ndipo lalamiko langu linapoanzia, kwa sababu hukusema neno hata moja kuhusu uchaguzi.

Wasomaji wapya wa jarida hawajui tunavyopiga kura, kwa hiyo nawaeleza. Waanzilishi wetu walikuta kwamba kunyoosha mikono kwenye vumbi hakusaidii, na tena kunaleta kununiana njiani. Basi wakaweka kanuni ya saba. Asubuhi ya siku ya pili, kila mmoja hushusha sanduku lake la kushoto na kulikalia, tukiwa tumekaa duara, migongo ndani, macho yamefumbwa. Anayehesabu husimama pembeni akitazama mlima. Jina la mgombea likitajwa, zamu huzunguka duara, na anayemtaka hugonga sanduku lake mara moja kwa kikombe cha bati. Asiyemtaka hunyamaza. Hakuna anayemwona mwenziwe, na hakuna ugomvi. Mfumo huu haujawahi kutuangusha kwa miaka ishirini na mbili, kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili wote tulikuwa na masanduku.

Mwaka huu tulikuwa kumi na wanane. Mgombea hapigi kura, na anayehesabu hubeba la kwake pembeni na kuligonga zamu yake ikifika. Mimi na Oom Deon, yaani Mjomba Deon, mzee wetu mfuga kondoo, ndio tuliogombea, ila Oom Deon aliomba apige kura kama wengine kwa sababu ya umri, nami kwa heshima nikakubali. Kwa hiyo wapiga kura kumi na saba. Wenye mabegi laini walikuwa kumi na mmoja, wote watu wangu, na ukijitoa wewe, wote niliwashawishi mwenyewe wabadilishe baada ya makala yako. Wenye masanduku walikuwa sita, Oom Deon na wenzake.

Jina langu lilipotajwa, nilisikia upepo. Nikasikia nzi. Nikasikia mtu akimeza kahawa. Kisha likatajwa jina la Oom Deon, na bonde zima likalia, ko, ko, ko, mpaka sita. Mama aliyehesabu, Meme Ottilie, akageuka akaniita baba kwa upole, "Tate Erastus, sikusikia kitu. Labda upepo." Oom Deon hakuwa na upole. "Sita kwa sifuri, Erastus. Hata mbwa wangu asingekosa moja."

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Begi laini halina mlio. Nimefanya majaribio karakanani kwangu, siku mbili mfululizo. Sanduku la alumini la milimita mbili likigongwa kwa kikombe cha bati linasikika hatua mia moja na arobaini. Begi lenye mfuko wa kulalia linasikika hatua mbili, na hapo ni mimi niliyesikia, ambaye nilikuwa najua limegongwa. Nikaweka sufuria ndani. Hatua tisa. Meme Ottilie alisimama hatua ishirini na tano.

2. Masanduku sita ya Oom Deon na wenzake niliyatengeneza mimi. Niliyachomelea pembe kwa mkono huu. Mshono wangu haubaki na upenyo, ndiyo maana yanalia vizuri hivyo. Kwa hiyo nimeshindwa kwa kazi yangu mwenyewe, na sijui fundi mwingine katika nchi hii aliyewahi kufanyiwa hivyo.

3. Aliyekaa juu ya sanduku yuko sentimita arobaini na tano kutoka chini. Aliyekaa juu ya begi, likishabonyea, yuko kumi na mbili. Nilihutubia watu nikiwa chini ya Oom Deon kwa sentimita thelathini na tatu, magoti yakinigusa kidevu. Nisome sera yangu ya mafuta na maji nikiwa hivyo, nani atanichagua?

4. Biltongi. Kiongozi ndiye huleta nyama ya kukausha ya siku ya kwanza, na nililetea chama kilo nne za nyama ya choroa, yule swala mkubwa wa jangwani, niliyoikausha mwenyewe siku tisa. Kwenye sanduku nyama hupumua, kwa sababu hakuna sanduku lisilo na kiupenyo karibu na bawaba. Wewe ulisema nikunje mdomo mara tatu. Nikakunja mara tatu. Digrii thelathini na moja, jua upande wa kushoto tangu Khorixas hadi Palmwag. Tulipofungua, nyama ilikuwa na manyoya ya ukungu. Wewe mwenyewe ulirudi nyuma hatua nne, nilikuona. Maji hayakuingia, naam. Hata hewa haikutoka. Watu wakala soseji kavu za Oom Deon siku hiyo yote, na asubuhi yake tukapiga kura.

5. Tangu achaguliwe, Oom Deon anaongoza kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa saa na kusimama kwenye kila geti kuuliza hali ya malisho. Kutoka Sesfontein hadi Purros ni kilomita mia moja na saba. Tulitumia saa nane na nusu. Mimi mwaka jana, saa nne kasoro dakika kumi, na watu wote wakafika, hata yule aliyetapika.

Kwa hayo yote, nadai yafuatayo, na naamini kila mwenye akili atayaona ni ya haki.

Kwanza, makala ya Machi iongezewe onyo, kwa herufi nzito, kwamba mabegi laini hayafai kwa mtu mwenye wafuasi.

Pili, uchaguzi urudiwe, na wenye masanduku wayafunike blanketi mbili mbili ili tuwe sawa. Nimepima. Blanketi mbili zinashusha mlio hadi hatua kumi na nne, na sufuria ndani ya begi inaupandisha hadi tisa, kwa hiyo bado watakuwa na faida ya hatua tano, nami nawaachia kwa moyo mweupe.

Tatu, ikiwa kurudia ni usumbufu, basi kamati ikubali hesabu iliyo wazi kabisa. Jina langu lilipotajwa, zamu ilipita kwa watu kumi na saba. Hakuna sauti iliyosikika. Sita kati yao walinyamaza kwa sababu hawanitaki. Hawa wana masanduku, tungewasikia. Kumi na mmoja waliobaki walinyamaza kwa sababu ya vifaa. Kimya cha begi, kwa hiyo, ni kura. Kumi na moja kwa sita. Nimeshinda.

Nne, kanuni hiyo ikikubaliwa, nami sioni ikikataliwaje, itumike kwa mambo mengine yote ya chama. Hoja ya mwaka jana ya kuondoka alfajiri saa kumi na moja, ambayo ilipingwa kwa kimya, sasa imepita. Pendekezo langu la kupima mizigo ya kila mtu kwa mizani ya kondoo kabla ya kuondoka, ambalo watu walilipokea bila kusema kitu, limepita pia, na lilikuwa limepita tangu mwanzo. Na kwa vile siku nilipojitolea kuwa kiongozi wa maisha hakuna aliyefungua mdomo, nitaiacha kamati ifikie mwisho wa hesabu hiyo yenyewe.

Sitafuti cheo, Ndugu Mhariri. Miaka tisa nimetangulia mbele kwenye mchanga wa mito mikavu ili wengine wafuate alama za tairi langu. Nilipoanguka, mlijua mahali pa kutopita. Mtu akizoea kuwa mbele, akirudishwa nyuma anakula vumbi la watu kumi na saba, na siku nne zilizobaki za safari nimelila lote. Hiyo peke yake ndiyo sababu ya barua hii.

Nasubiri jibu la kamati kwa maandishi, ndiyo au hapana, kabla ya Ijumaa tarehe 22, saa sita mchana. "Tutalizungumza" si jibu.

Nisalimie Meme Ottilie, mwambie sina kinyongo na masikio yake. Nisalimie wenzetu wa Outjo, mama yako, na huyo shemeji yako aliyeuza pikipiki akanunua gari. Oom Deon msalimie ukikutana naye, usimtafute.

Wako katika safari,

Erastus Nekongo
Fundi na Kiongozi wa Msafara (aliyeondolewa kwa makosa ya vifaa)

Baada ya barua: Vekuii, hapa chini usichape. Hii ni yako peke yako. Haya ya juu niliyatunga kabla sijajua nitakayokueleza.

Jana na juzi nilipita kwa wale wenye mabegi, mmoja mmoja, niwape karatasi ya ushahidi watie sahihi kwamba waligonga na hawakusikika. Nilikuwa nimepiga mistari kumi na mmoja kwa rula. Nimerudi na sahihi mbili.

Watatu wamesema ndiyo, waligonga begi, ila kwa Oom Deon. Watano hawakumgongea yeyote. Mwalimu Lukas alikuwa akipunguza matawi ya mti wake, hata hakushuka. Aliniambia kutoka juu, "Tate, uliniachisha kiti changu cha kukunja pale Khorixas kwa sababu ya gramu mia nane. Siku tano nimekaa chini. Unataka nigonge nini?" Meme Selma wa zahanati alinipa chai kwanza, akanikatia mkate, ndipo akasema, "Unaongoza vizuri sana, Tate. Tumechoka tu kuongozwa." Nikamuuliza kwa nini aliniahidi basi. Akasema, "Uliniuliza nikiwa nimebeba tairi lako."

Kwa hiyo hesabu sahihi ni tisa kwa mbili. Tungekuwa na masanduku, hizo tisa zingelia zote na bonde lingezisikia, nami nisingekuwa na cha kusema. Hilo begi ndilo lililonisitiri. Mabegi siyarudishi, na onyo la herufi nzito usiliweke.

Nimebakiza mstari mmoja kwenye karatasi, wa kwako, sikuja kwako kwa sababu niliona aibu kuuliza uso kwa uso. Miaka kumi na minne tumelala hema moja. Asubuhi ile ulikaa kulia kwangu, karibu kiasi kwamba bega lako liligusa langu, na jina langu lilipotajwa sikuhisi bega likisogea. Lakini wewe hutumia mkono wa kushoto kwa mambo mengine, wa kulia kwa mengine, na macho nilikuwa nimeyafumba kama kanuni inavyosema.

Yale madai manne yaache. Nijibu hili tu, na si kwa barua, piga simu, kabla ya Ijumaa ile ile saa sita mchana: uligonga, au hukugonga?

E.