Nahodha Mwenye Mashahidi Watatu

Jumatatu, 3 Machi
Mhadhiri wa historia amekuja maktabani kutufundisha namna ya kuchunguza habari za Waafrika waliohamia ughaibuni. Binti mdogo, miwani mikubwa. Alisema jambo huaminiwa likiwa na vyanzo viwili visivyotegemeana. Sahihi kabisa. Nilinukuu. Akaongeza kwamba habari za ukoo mmoja tu ndizo zitakazofungua kitabu chake, na mwandishi wa habari hizo atatajwa jaladani. Jaladani! Miaka arobaini nimesahihisha insha za watu. Sasa ni zamu yangu kusomwa.

Chanzo kimoja ninacho: picha ya ndugu wa babu yangu, Babu Mdogo, aliyepanda meli asirudi. Amevaa kofia yenye ukingo unaong'aa. Bila shaka alikuwa nahodha.

Bado chanzo cha pili.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa Shangazi, mtu pekee aliye hai anayemkumbuka. Nilianza kwa utaratibu: je, si kweli kwamba Babu Mdogo alikuwa nahodha? Shangazi alikuwa akikunja nguo. Akasema anachokumbuka ni kwamba alicheka sana na kunukia vitunguu. Nikauliza tena, kwa sauti ya darasani. Mara ya nne akasema, "Haya baba, nahodha. Wewe ndiye uliyesoma. Hebu shika ncha ya shuka hili."

Imethibitishwa! Vitunguu sikuviandika. Havihusiani na mada.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Shemeji, yule mfamasia mstaafu aliyemwoa dada yangu, naye anaandika habari za Babu Mdogo. Wa kwetu, si wa kwao! Nimelalamika kwa dada. Akajibu kwamba babu ni wake, mume ni wake, nikitaka kugombana nimtafute mwingine. Shemeji akanipigia kelele kutoka sebuleni: "Usiogope, Mwalimu! Nitakutaja kwenye tanbihi!"

Tanbihi. Mimi!

Ijumaa, 7 Machi
Dada ameninong'oneza kilichomo katika insha ya mumewe. Shangazi amemwambia kwamba Babu Mdogo alikuwa nahodha, tena mwenye nishani na mbwa mweupe. Nimefurahi mno. Shemeji hakuniuliza mimi neno lolote. Basi ni chanzo kinachojitegemea! Picha, Shangazi, Shemeji. Mashahidi watatu! Mbwa nimemwongeza.

Jumamosi, 8 Machi
Kikao cha kusoma insha, kule maktabani. Shemeji akajipenyeza, akasoma kwanza. Nilikasirika hadi miwani ikashika ukungu. Nahodha, nishani, mbwa, na picha ileile ya kofia. Makofi.

Ndipo mhadhiri akatoa nakala ya orodha ya mabaharia. Jina la Babu Mdogo, umri wake, alama ya dole gumba lake. Kazi: msaidizi wa mpishi. Kofia, alisema, ilikuwa mali ya mpiga picha. Amekwisha kuiona katika picha nyingine, vichwani mwa watu kumi na mmoja. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaikunja insha yangu mara nane.

Akauliza habari ya unahodha ilianzia wapi. Shemeji akasema, kwa Shangazi. Mhadhiri akampigia simu papo hapo, sauti ikasikika ukumbi mzima. Jasho! Niliona jina langu likitoka jaladani, na heshima ya miaka arobaini ikilifuata nyuma.

Shangazi akasalimia kwanza. Kisha: "Niliisikia kwa watu waliosoma, mama. Tena si unajua wako wengi."

Nikapumua. Shangazi wangu! Nitamkunjia mashuka mwaka mzima.

Nilipoulizwa mimi, nilijibu kwamba siko tayari kudai lolote. Jibu hilo lilikuwa la kweli tangu dakika tatu zilizopita. Mhadhiri akawaambia wote kwamba huyo ndiye mtafiti, asiyekurupuka. Ukurasa wa kwanza ni wangu. Jalada pia! Shemeji alinitazama kama dawa iliyopitwa na muda.

Jumapili, 9 Machi
Nimelala fofofo hadi saa mbili. Moyo mweupe.

Mhadhiri amenipa anwani za wajukuu saba wa Babu Mdogo waliozaliwa huko ughaibuni. Niwaandikie, na nisiwalishe maneno. Kana kwamba mimi ni mtu wa namna hiyo! Nimetunga dodoso la maswali ishirini, safi, lenye mistari iliyonyooka. La kwanza ni iwapo babu yao alipata kuwa mpishi mkuu. Kwa kuwa ni watu wenye shughuli nyingi, majibu nimeyajaza mwenyewe.

Wao watie saini tu.