Mihuri Saba kwa Wiki Moja

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Mke wangu! Naliandika tena neno hilo kwa sababu ni tamu. Mke wangu! Amerudi kutoka kiwandani ananukia vanila toka utosini hadi kwenye soksi. Anafunga biskuti, pakiti mia nne kwa zamu, na bado anarudi anatabasamu.

Ameleta kadi mbili, yake na yangu. Maktaba ya jiji ina matawi saba. Ukifika tawini unasoma, unaandika kwenye daftari la wasomaji jina lako, kitabu chako na sentensi moja, kisha mkutubi anakugongea muhuri. Mume na mke wa kwanza kujaza kadi zao watatundikiwa picha yao Tawi Kuu mwaka mzima.

Mke wangu anasema picha si kitu. Anachotaka ni Jumamosi saba. Kila Jumamosi tawi moja, mimi na yeye, bega kwa bega, bila haraka. Yeye ni kifungua mimba wa watoto wanane. Alikua akipita mbele ya Tawi Kuu kila siku na mdogo wake mgongoni, wala hajawahi kuvuka kile kizingiti.

Nimemwelewa kabisa. Anataka picha.

Tatizo ni Bwana Tai wa ghorofa ya juu. Alioa wiki ile ile niliyooa mimi, na havui tai hata akienda kumwaga taka. Nimemkuta kwenye ngazi. Tayari wana mihuri mitatu! Akaniuliza eti shemeji yake, yaani mke wangu, anasoma maandishi au anaangalia picha tu. Nikatabasamu. Moyoni nikasema, utaona.

Jumanne, 4 Juni

Kadi zinakaa kwenye droo ya vijiko. Nimezitoa mke wangu alipoondoka. Nimemwambia bosi jino linauma. (Nachanganya rangi za kuta dukani kwake.)

Tawi la Stesheni. Nimesoma kitabu cha kufuga nyuki, kurasa mbili. Nikajiandikia, kisha nikamwandikia mke wangu, kwa mwandiko ulioinamia kushoto kama wake: "Nimesoma kuhusu nyuki. Asali ni tamu lakini haimfikii mume wangu." Mkutubi akauliza mwenye kadi ya pili yuko wapi. Nikasema yuko msalani. Tukasubiri. Tukaendelea kusubiri. Mwishowe akasema masikini dada wa watu, akagonga haraka kwa huruma.

Tawi la Sokoni. Msalani tena. Mihuri miwili kabla ya adhuhuri!

Jioni akanikanda mabega, akauliza siku ilikuwaje. Nikasema ya kawaida. Imenichoma kidogo. Lakini uongo wa mapenzi ni kama dawa ya kikohozi: chungu mdomoni, shwari kifuani.

Jumatano, 5 Juni

Jino la pili. Bosi ameuliza nina meno mangapi kwa jumla.

Tawi la Watoto. Viti vyote ni vya watoto! Nilikaa. Kuinuka, kiti nacho kikainuka. Nimekwenda nacho hadi kaunta. Binti mmoja akamwambia mama yake kuwa mjomba yule amekuja na kiti chake kutoka nyumbani. Mkutubi, mama wa makamo mwenye mikono ya kazi, akakivuta, nikachomoka kama kizibo.

Kwa mke wangu nimeandika: "Nimesoma hadithi ya sungura. Mume wangu anamzidi akili, na pia ana mabega." Mkutubi akasifu mwandiko, akauliza mwenyewe yuko wapi. Msalani. Akasema msala wao umeharibika tangu Jumatatu. Nikasema ndiyo maana anachelewa.

Ameniangalia sana. Lakini kagonga.

Alhamisi, 6 Juni

Jino la tatu. Bosi amesema kesho nije na daktari mwenyewe.

Tawi la Hospitali, tayari. Tawi la Viwandani, tayari. Mitano! Limebaki Gari la Vitabu, yaani tawi lenye magurudumu, halafu Tawi Kuu, ambako lazima twende wote wawili.

Nimelikimbiza gari mitaa minne. Nikifika, linaondoka. Kwenye kona ya nne dereva akanipungia mkono. Alidhani namuaga.

Nimerudi nyumbani, nikachukua kiazi, nikachonga muhuri. Kwa wino, matone manne ya bluu na moja la nyekundu. Zambarau ya maktaba yenyewe! Hapo sifundishwi na mtu. Nikagonga kadi zote mbili. Neno likatokea: ABATKAM. Herufi zimegeuka nyuma mbele!

Haidhuru. Nani duniani husoma muhuri?

Ijumaa, 7 Juni

Nimempakulia zawadi. Sahani, kifuniko juu, ndani kadi mbili zenye mihuri sita na ua jekundu. Nikamwambia kesho tunamalizia Tawi Kuu, dakika tano tu, na picha ni yetu.

Akafunua. Machozi! Nikajua nimepatia.

Akauliza Stesheni kukoje ndani. Akauliza dirisha la Sokoni linaangalia wapi. Sikukumbuka hata kama kuna dirisha. Akafunika sahani taratibu, akaniambia, "Mume wangu, umenilia Jumamosi zangu."

Basi. Amelala akitazama ukuta. Ukuta ule niliupaka mimi, rangi ya krimu, nikaurudia mara mbili. Sikujua unaweza kutazamwa muda mrefu hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Tawi Kuu. Tumekwenda tukiburuta miguu kama wadaiwa. Mkutubi Mkuu ana miwani mbili, moja puani, moja kichwani. Madaftari ya matawi yote yalikuwa mezani kwake. Anahakiki. Kwa sauti!

Akasoma ya nyuki. Akasoma ya sungura na mabega. Akasoma ya Hospitali: "Nimesoma kuhusu sukari mwilini. Mume wangu hana kipimo." Mke wangu akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Alicheka hadi mlinzi akaja kumnyamazisha, na mlinzi naye akaondoka kaziba mdomo.

Kisha Mkutubi Mkuu akafika kwenye muhuri wa gari. Akageuza kadi juu chini. Akavaa miwani ya pili. Akainusa, akauliza tangu lini maktaba yake inanuka kiazi.

Kadi zote mbili zimefutwa. Na nani alikuwa nyuma yetu kwenye foleni? Bwana Tai na mkewe, mihuri saba safi. Wamepigwa picha. Akaniambia pole mwenzangu, si kila sura imeandikiwa ukuta.

Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu akauliza kama waliofutiwa wanaweza kuanza upya. Mkutubi Mkuu akasema wanaweza, ila zawadi ndiyo imekwisha. Mke wangu akapokea kadi mpya kana kwamba amekabidhiwa funguo za nyumba. Akaninong'oneza, "Jumamosi saba. Ukigusa ile droo, utakoroga chai kwa kidole mpaka uzeeni."

Nampenda!

Jumamosi, 15 Juni

Tawi letu la kwanza, na amechagua Tawi Kuu. Pale kizingitini alisimama, akashika mkono wangu, akavuta pumzi, akaingia. Akachagua riwaya nene ajabu, kurasa mia sita na kumi na mbili. Saa tatu nzima pale mezani. Ananyonya ncha ya kidole, anageuza ukurasa, anatabasamu peke yake. Sijapata kuona kitu kizuri hivyo maishani.

Ameiazima. Amefika ukurasa wa arobaini. Anasema ataisoma kidogo kidogo mwezi mzima, maana anatamani sana kujua nani alimuua mwenye kinu cha unga.

Mwezi mzima! Na zile pakiti mia nne! Na macho yale mazuri!

Sasa hivi amejilaza kidogo. Kadi sijazigusa, nimejirekebisha. Nimefungua ukurasa wa mwisho tu. Muuaji ni daktari. Nimemwandikia kwenye karatasi safi, herufi kubwa, nikachora moyo, nikaipachika pale pale atakapofungua. Kurasa mia tano sabini na mbili nimempunguzia kwa neno moja!

Namsikia anaamka. Anauliza kitabu chake kiko wapi. Naweka kalamu chini nikakumbatiwe.